Taa Nyeupe kwenye Njia ya Luhwindja

Télesphore alikubali kosa kabla ya kuulizwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Bulonza tangu asubuhi.

Watu hawakubali kosa hivyo, bwana. Hata mwizi aliyekamatwa na kuku chini ya koti atakuapia kwamba kuku ndiye aliyemfuata. Lakini huyu fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye mikono iliyokolea mafuta ya injini, aliingizwa kwenye ofisi ya parquet, ya waendesha mashtaka, pale Ibanda mjini Bukavu, akaketi kwenye benchi bila kuambiwa, akayatoa maneno yake kwa sauti ya chini kama anayerudisha kitu alichoazima.

“Ni miye nilimuua shemeji yangu,” alisema. “Muandike tu vile, citoyen inspecteur. Sina maneno ingine.”

Bulonza hakuandika. Aliweka kalamu mezani, akamwomba aanzie mwanzo, tena polepole, maana mtu akiwa na haraka ya kwenda gerezani lazima umpunguzie mwendo.

Marehemu aliitwa Donatien. Kwenye dossier ya kesi alikuwa na jina la Kizaire peke yake, kama sheria ya miaka ile ilivyotaka, ila sidhani kama kuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumwita hivyo. Alikuwa infirmier, muuguzi. Wiki nzima aliwatibu wachimba dhahabu kule Luhwindja, na Jumamosi jioni alirudi kwa mkewe, mtaani Nyalukemba, na pikipiki ya zamani aliyouziwa na mapadri. Mke huyo, Euphrasie, ni dada mkubwa wa Télesphore. Taa ya pikipiki ile ilikuwa aibu tupu: ilitoa wekundu hafifu wa kaa linalozimika, na kila Jumamosi Euphrasie alikaa roho mkononi mpaka asikie injini mlangoni. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akamwendea mdogo wake, akamwambia afanye kila awezalo, mradi bwana yake aone njia.

Télesphore akafanya. Alimweleza Bulonza bila kujisifu. Umeme wa taa kwenye pikipiki zile kuukuu ulikuwa na safari ndefu: ulitoka kwenye betri ukapitia kwenye ufunguo, kutoka kwenye ufunguo ukapanda hadi kwenye kitufe cha usukani, halafu ukarudi kwenye taa, wote ndani ya waya nyembamba zilizoshika kutu, na hadi ufike nusu yake ilikuwa imekwisha liwa njiani. Kwa hiyo alitafuta rele, kidude cha ukubwa wa kiberiti, akaing’oa kwenye gari bovu ambako ilikuwa ikipiga honi. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye rele, na mwingine kutoka kwenye rele hadi kwenye taa, ya mbele na ya nyuma. Kitufe cha usukani kikabaki na kazi moja tu, kuiamuru rele. Rele ikipata amri hufanya tak, njia ikafunguka, umeme wote ukapita bila kuzungushwa.

Tena Donatien, kama kila mtu aliyewahi kukaa foleni ya petroli Bukavu miaka ile, alikuwa na tabia ya kuzima injini kwenye mteremko ili pikipiki ishuke yenyewe. Kwa hiyo Télesphore alipanga amri ya rele isipitie kwenye ufunguo, taa iendelee kuwaka hata injini ikinyamaza. Kitu kimoja tu alikikosa: fusible, kile kiwaya kinachoungua ili vingine vipone. Alizunguka mji mzima asiipate. Akatia mahali pake uzi wa shaba, kama wafanyavyo mafundi wengi.

“Nilijua haiko muzuri,” alisema. “Ile njia inatetemesha mpaka meno. Uzi iliachia, taa ikazimika, shemeji akabaki kwa giza mbele ya camion. Mutu anatafuta nini ingine?”

Kweli, wengine hawakutafuta kingine. Gendarmes, walipofika kesho yake mchana, walikuta ufunguo umezimwa. Jumatatu walijaribu taa kwa kugeuza ufunguo, haikuwaka, wala ile nyekundu ya nyuma. Na dereva wa lori, mzee Barthélemy, alitamka kwamba pikipiki ilimjia gizani bila mwanga wowote, ikajigonga kwenye pembe ya lori lake. Substitut wa procureur, msaidizi wa mwendesha mashtaka mkuu, alisoma kurasa hizo akaridhika. Aliagiza Télesphore apelekwe gereza kuu alasiri hiyohiyo. Na kule msibani, watu wa ukoo wa Donatien walikuwa wamemwambia Euphrasie wazi kwamba ndugu wa muuaji hataendelea kulala kwenye nyumba ya marehemu. Mwanamke yule alikuwa amempoteza mume, sasa angempoteza na ndugu, na nyumba juu yake.

Bulonza aliifunga dossier. Kisha alichukua ufunguo wa magasin, akamwambia askari amfungue pingu, wakaenda wote kuitazama pikipiki.

Magasin ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya ofisi, ambamo parquet iliweka vitu vilivyokamatwa. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umepinda, tope la Jumamosi limekauka mwilini mwake. Kabla ya kuletwa kwenye wizi na mauaji, Bulonza alikuwa ameshughulika na ajali za barabarani muda mrefu, na kazi ile ilimfundisha kwamba chuma hakina shangazi wa kumtetea wala mjomba wa kumwogopa. Alichuchumaa na kurunzi. Alianza na ule uzi wa shaba uliokuwa ukimtesa fundi. Aliuvuta kwa kucha upande huu, akauvuta upande wa pili. Ulikuwa umekazwa barabara, haujaungua wala kulegea.

Télesphore akasema labda uliachia kisha ukarudi.

“Waya haina miguu,” Bulonza alimjibu.

Kutoka hapo alihamia kwenye kitufe cha usukani. Kilikuwa upande wa kuwasha, na tope lililokauka lilikifunika chote, bila ufa. Hakuna kidole kilichokigusa baada ya ajali. Betri alipoijaribu aliikuta imekufa kabisa, na hapo akaanza kuelewa. Akatuma askari akaazime betri ya jeep ya ofisi. Walipoiunganisha, ufunguo ukiwa umezimwa vilevile, chumbani kikasikika kitu kidogo, tak, na taa nyekundu ya nyuma ikawaka.

Basi gendarmes walikuwa wamejaribu taa kwa betri iliyokwisha kufa ikiwangoja. Tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu, rele ilikuwa bado inashikilia amri yake na taa ya nyuma inaendelea kula umeme, hadi tone la mwisho. Ufunguo haukuwa na la kusema katika jambo hili.

Lakini hilo halikumtosha. Mtu angeweza kusema umeme ulifika kwenye rele ukakwama hapo. Akafungua taa ya mbele, akatoa ampuli, balbu yake, kwa leso. Kioo chake kilikuwa kimevunjika, na ndani, pale penye kiuzi cha chuma kinachotoa mwanga, palikuwa na ungaunga wa rangi ya njano na nyeupe. Bulonza aliufahamu unga ule. Kiuzi kilichopoa, kioo kikivunjika, hubaki kama kilivyo. Kiuzi kinachowaka, hewa ikikipata tu, huungua na kuacha majivu yake.

“Taa ilikuwa inawaka wakati kioo ilipasuka,” alisema. “Ile dakika yenyewe.”

Télesphore aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu kwa siku zote zile, na sasa yalilowana. Aliuliza kama basi si yeye. Bulonza alimwambia kwamba si uzi wake wa shaba, na akaishia hapo, kwa sababu kama taa iliwaka, basi mzee Barthélemy alisema uongo, na alitaka kujua kwa nini kabla hajampa mtu yeyote tumaini.

Cha kwanza alichofikiri ni pombe. Nani asingefikiri hivyo? Alikwenda mwenyewe kwenye depo ya malori, hapohapo Ibanda, akauliza huku na huku. Walimcheka kwa heshima. Barthélemy hanywi hata mutobe wa arusi, walisema, anaimba korali ya parokia, na katika miaka yake yote ya usukani hajawahi kuua hata mbuzi. Lori lake lilikuwa limeegeshwa pale. Pembe ya mbele ya kushoto ilikuwa imebonyea.

Ya kushoto. Bulonza alisimama mbele ya pembe ile akikumbuka alichokiona jana yake, alipokwenda kutazama mahali pa ajali kwenye mteremko. Lori lilikuwa likipanda na mzigo wa saruji, Donatien akishuka. Kwa anayepanda, bonde liko kulia na ukuta wa mlima uko kushoto. Sheria inasema kila mtu akae kulia, kwa hiyo lori lilipaswa kuwa upande wa bonde na pikipiki upande wa ukuta. Vipande vya kioo cha taa alivikuta chini ya ukuta kabisa. Donatien alikuwa mahali pake. Na alama za magurudumu ya lori, zilizobaki kwenye tope gumu, ziliacha upande wa bonde zikapinda kuelekea ukutani taratibu, bila dalili ya breki. Asiyeona kitu hapindi. Aliyeshtuka hufunga breki. Huyu alipinda kwa utulivu, kama mtu anayempisha mwenzake.

Kando ya lori palikuwa na dereva mwingine, Cyprien, anapangusa kioo. Bulonza alimwuliza kwa sauti ya kupiga soga tu, malori mawili yakikutana kwenye mteremko ule, nani anapita wapi?

Cyprien akasema hilo kila dereva analijua. Mwenye mzigo anakamata ukuta, mtupu anakaa kando ya bonde, kwa sababu ukingo wa bonde unamomonyoka na hauwezi kubeba lori zito. Sheria inasema vingine, lakini sheria haipakii saruji.

“Na kama ni moto?” aliuliza Bulonza, kwa jina waliloita pikipiki.

“Moto inabakia kwa ukuta siku zote, papa. Hapo ni sisi njo tunaingojea.”

Bulonza alishukuru akaondoka. Alikuwa amekwisha jua, na alitamani asingejua.

Barthélemy aliletwa parquet kabla ya gari la gereza kufika. Alikuwa mzee mrefu mwenye mvi, abacost yake, suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi kama ya kwenda misa. Bulonza hakumkalisha ofisini. Alimpeleka magasin, ambako Télesphore alikuwa amekwisha fanya kazi aliyopewa: amenyoosha usukani, ametia ampuli mpya, ameielekeza taa mlangoni. Alikuwa hata amepangusa ndani ya taa kwa shati lake. Bulonza alifunga mlango, giza likawazunguka, akamwomba mzee kwa adabu atazame mbele na aseme anachokiona.

Akabonyeza. Tak.

Chumba kizima kikawa cheupe. Barthélemy aliinua mkono kuziba macho, akabaki hivyo.

“Ni nini, papa Barthélemy?”

“Camion,” alisema mzee.

“Camion gani?”

“Ya jicho moja.”

Alitafuta kitu cha kuegemea, akaukuta ukuta. Alipoanza kusema, alisema mkono uleule ukiwa bado usoni.

“Moto ya huku haiwakake vile. Miye niko na miaka mingi kwa ile njia. Moto ni kamwanga kadogo, kekundu, unakaonaka wakati iko tayari karibu. Ile niliiona toka kona ya juu, mbali sana, nyeupe. Nikasema, ni camion, taa moja imekufa, inateremuka mutupu. Miye nilikuwa na muzigo. Nikamupatia njia. Nikakamata ukuta. Njo nikamukuta pale.”

“Na kwa nini ulisema hakukuwa taa?”

“Ningesema niliona taa na nikaenda juu yake, nani angenisadiki?”

Bulonza aliamini. Kwa masikitiko yake aliamini kila neno, maana lilikaa sawasawa juu ya alama za tope. Alinyoosha mkono kuzima taa, lakini Télesphore alikuwa amesimama kati yake na pikipiki, akimwangalia mzee.

“Ilikuwa nyeupe sana?” fundi aliuliza.

“Sijaonaka ingine ya vile kwa moto,” alisema Barthélemy, na hakukuwa na ubaya wowote ndani ya sauti yake.

Walirudi ofisini, Bulonza akaketi kuandika. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko siku nzima. Angeweza kuandika kwa kifupi kwamba dereva aliona taa, akaacha upande wake, akamgonga mtu. Kila neno lingekuwa kweli. Télesphore angetoka msafi, ukoo wa Donatien ungenyamaza, na Euphrasie asingesikia kamwe ni nini hasa kilichomdanganya dereva. Lakini mzee yule, bila maneno “nilifikiri ni lori”, angekuwa mtu aliyeona binadamu anakuja na akamwendea kwa makusudi. Angeozea gerezani. Na sababu ya kosa lake ilikuwa moja tu, kwamba katika nchi yenye pikipiki za taa mbovu, Donatien alikuwa na taa nzuri.

Bulonza aliandika yote. Kisha akayasoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka, mbele ya wote wawili. Barthélemy aliweka kidole gumba chini ya maneno yake, akapelekwa cachot, chumba cha mahabusu, kungojea substitut aamue, na alikwenda bila kulalamika. Kosa lake lilikuwepo, na uongo juu yake, ila halikuwa mauaji ya kukusudia.

Télesphore alibaki kwenye benchi. Alikuwa huru, Bulonza alikuwa amemwambia mara mbili, lakini hakuinuka.

“Na miye mutaandika nini?”

“Hakuna. Wewe huna kosa, Télesphore. Kazi yako ilikuwa muzuri.”

“Njo hiyo inaniumiza,” alisema fundi.

Bulonza alimrudishia mkanda na kamba za viatu, akamfungulia mlango.

Euphrasie alikuwa ameketi barazani toka mchana, kitambaa cha msiba kichwani, kikapu cha bugali na sombe magotini, kwa ajili ya ndugu aliyedhani anakwenda gereza kuu. Alipomwona anatoka bila pingu alisimama, na kikapu kingeanguka kama Bulonza asingekidaka. Hakumkumbatia kwanza. Aliuliza kile kilichokuwa kikimla.

“Ni ile taa?”

Bulonza, kikapu mkononi, alitazama pembeni.

“Taa iliwaka, yaya,” alisema Télesphore, kama alivyomwita dada yake mkubwa tangu utoto. “Iliwaka mpaka mwisho. Dereva njo aliacha upande yake.”

Mama yule alifunika uso kwa mikono miwili. “Asante, Mungu wangu,” alisema. “Nilikuwa ninasema ni miye. Ni miye nilikuomba uifanye.” Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, alilia kwa sauti, kilio cha mjane, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakavua kofia.

Bulonza alimvuta Télesphore kando. Alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku ya kesi karani atayasoma yote mbele ya watu, taa nyeupe, lori la jicho moja, kila kitu, na Euphrasie atakuwa ameketi kiti cha mbele pamoja na wakwe zake. Afadhali ayasikie mapema, kwenye kinywa cha ndugu yake.

“Ninajua,” alisema Télesphore. “Nitamwambia.”

“Lini?”

Fundi alichukua kikapu kutoka mkononi mwa inspekta. Alimtazama dada yake aliyeshika nguzo ya baraza, mabega yakitikisika.

“Leo acha amulilie bwana yake tu,” alisema, akaenda kumshika mkono.